Pestalozzi, Mwalimu wa Hesabu Aliyeshindwa na Hesabu Zake Mwenyewe

Watoto wa madarasa ya chini waimbapo kwa pamoja kwamba mbili mara tatu ni sita, na mbili mara nne ni nane, sauti zao huwapendeza wapitao nje ya dirisha, na mzazi hurudi nyumbani akiamini kuwa fedha aliyolipia daftari haikupotea bure. Lakini mtwae mmoja wao, umweke kando, umpe maharage machache na umwombe akutengenezee juu ya meza hiyo mbili mara nne. Huenda akakutazama tu. Maneno anayo, kitu hana.

Tofauti hii baina ya neno na kitu ilimshughulisha kwa muda wa miaka 50 mwalimu mmoja wa Kiswisi aitwaye Johann Heinrich Pestalozzi. Leo jina lake hutajwa katika kila chuo cha ualimu, aghalabu kwa sifa za jumla za upendo wake kwa watoto mafukara. Sifa hizo ni za haki. Lakini kazi yake kubwa darasani ilikuwa ndogo na dhahiri zaidi ya hapo, nayo ni kumwezesha mtoto wa miaka mitano au sita aelewe maana ya kuzidisha na kugawanya kabla hajaandika hata tarakimu moja. Ajabu iliyopo ni kwamba mtu huyu aliyewafundisha walimwengu namna ya kufundisha hesabu hakuweza kabisa hesabu za fedha zake mwenyewe, na karibu kila alichokianzisha kilifilisika.

Pestalozzi alizaliwa Zurich tarehe 12 Januari, 1746. Baba yake, aliyekuwa mganga wa kupasua, alifariki mwaka 1751, mtoto akiwa na umri wa miaka mitano tu. Kabla ya kukata roho alimwita mtumishi wa nyumba, msichana wa shamba aitwaye Babeli, akamsihi asimwache mjane na watoto wake. Babeli akaahidi, na ahadi yake akaitimiza maisha yake yote. Alikuwa ndiye mtunza kapu na mkoba wa nyumba ile. Alikwenda sokoni saa za mwisho, wakati wachuuzi wanapotaka kurudi makwao na bei zimeanguka, ili senti chache za mjane zitoshe. Kwa hiyo mtoto alilelewa na wanawake wawili, akizuiwa kucheza nje asije akachakaza nguo na viatu. Alikua mwenye moyo mwepesi na mikono mizito. Wenziwe shuleni walimfanyia mzaha. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, tahajia yake ilikuwa mbaya zaidi, na hali hiyo haikubadilika hata uzeeni.

Babu yake alikuwa mchungaji wa kanisa katika kijiji cha Höngg, karibu na Zurich, na kijana alizoea kufuatana naye akizuru nyumba za wakulima. Huko ndiko alikoona umaskini. Wakati huo kazi ya kusokota na kufuma pamba ilikuwa imeingia majumbani mwa watu, na watoto wadogo walikuwa wakikaa kwenye gurudumu la kusokotea tangu asubuhi hadi usiku. Shule za vijijini zilikuwa hafifu. Mwalimu mara nyingi alikuwa fundi viatu, mshonaji au askari mstaafu, na somo lake kuu lilikuwa kukaririsha maswali na majibu ya dini. Hesabu ilifundishwa kwa nadra. Basi mtoto wa maskini aliingia katika maisha ya kuuza nyuzi zake kwa tajiri pasipo uwezo wa kujua kama amelipwa sawasawa au amepunjwa. Hili msomaji alikumbuke, maana hesabu kwa Pestalozzi haikuwa pambo la akili, bali kinga ya mnyonge.

Alipokuwa kijana alisoma Zurich, akavutwa sana na maandishi ya Jean-Jacques Rousseau, akaacha mpango wa uchungaji kisha ule wa sheria, na mwisho akaamua kuwa mkulima. Mwaka 1769 alimwoa Anna Schulthess, binti wa wafanyabiashara aliyemzidi umri kwa takribani miaka minane, wazazi wa binti wakipinga. Walihamia katika nchi ya Birr, wakajenga nyumba waliyoiita Neuhof, na Pestalozzi akaanza kulima mmea ambao mizizi yake hutoa rangi nyekundu ya kutilia nguo. Ardhi ilikuwa duni, msimamizi aliyemtumaini hakuwa mtu mwema, na waliomkopesha wakaondoa fedha zao. Shamba likaanguka.

Katika miaka hiyo hiyo ya dhiki alikuwa na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1770, akamwita Jakob kwa heshima ya Rousseau. Mwanzoni mwa mwaka 1774, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu na nusu, baba alianza kumfundisha na kuandika kila siku katika shajara yaliyotokea. Shajara hiyo ni hati yenye thamani kubwa kwa mwalimu yeyote wa watoto wadogo. Humo Pestalozzi anaandika kwamba alijaribu kumfahamisha mwanawe maana halisi ya namba, akagundua kuwa mtoto alikuwa amekwisha kujua majina ya namba kwa moyo, na majina yale ndiyo yaliyokuwa kizuizi. Mtoto alitaja namba yoyote iliyomjia kinywani bila kuiambatisha na kitu. Baba akatambua kwamba neno lililotangulia kitu halimsaidii mtoto kukifikia kitu, bali humfanya adhani amekwisha kukifikia.

Jambo hilo ndilo kiini cha mafundisho yake yote yaliyofuata. Hata hivyo lazima isemwe kwamba mwanawe hakufaidika nalo. Malezi yake yaliendeshwa kwa majaribio, leo ukali na kesho uhuru, na alipokaribia umri wa miaka 12 bado hakuweza kusoma na kuandika vizuri. Baadaye alipatwa na kifafa, akafariki mwaka 1801. Wapo wanaomsamehe Pestalozzi upesi kwa habari hii kwa kuwa aliwafaa watoto wa wengine. Mwandishi wa makala hii haoni sababu ya kuharakisha hivyo.

Shamba lilipokwisha, Pestalozzi hakuuza nyumba akarudi mjini, kama alivyoshauriwa. Mwaka 1774 alikusanya watoto maskini, baadhi yao waliokuwa wakiomba barabarani, akawaweka Neuhof. Walisokota na kufuma pamba, walilima bustani, na huku mikono ikifanya kazi walifundishwa kusoma na kuhesabu kwa mdomo. Alitumaini kwamba kazi yao ingelipia chakula na mafunzo yao. Haikuwezekana. Watoto wadogo na wadhaifu hawakutoa kitambaa cha kuuzika, wazazi wengine walikuja kuwachukua watoto wao mara tu walipovishwa nguo mpya, na mwenye nyumba hakujua kuuza wala kununua. Mwaka 1780 nyumba ilifungwa, na sehemu kubwa ya mali ya mkewe ikawa imeteketea.

Hapo alishika kalamu, na mwaka 1781 akatoa sehemu ya kwanza ya hadithi ya Lienhard na Gertrud, iliyomletea jina katika nchi zote zisemazo Kijerumani. Gertrud ni mke wa fundi mwashi mlevi, na ni mama anayewafundisha watoto wake nyumbani wakiwa kazini. Katika hadithi hiyo watoto huhesabu hatua za kutoka upande mmoja wa chumba hadi wa pili, huhesabu vioo vitano vitano vya madirisha, huhesabu nyuzi wakati wa kusokota na mizunguko ya kijiti wakati wa kukunja. Hakuna kitabu cha hesabu ndani ya nyumba ile. Madirisha mawili yenye vioo vitanovitano yametosha kumwonyesha mtoto mbili mara tano, na pia nusu ya kumi. Pestalozzi alikuwa bado hajawa mwalimu wa darasa hata siku moja alipoyaandika hayo.

Miaka ikapita, naye akafahamika kama mwandishi. Mwaka 1792 Bunge la mapinduzi la Ufaransa lilimpa uraia wa heshima pamoja na watu mashuhuri kama George Washington wa Marekani na mshairi Schiller wa Ujerumani. Lakini yeye alitaka watoto, wala hakutaka nishani. Alikuwa na umri wa miaka 52 alipowapata.

Mnamo Septemba 1798 majeshi ya Ufaransa yaliivamia wilaya ya Nidwalden, iliyokataa katiba mpya ya Uswisi, yakaua mamia ya watu na kuchoma nyumba nyingi. Serikali ilimtuma Pestalozzi katika mji wa Stans kuwatunza mayatima. Alipewa sehemu ya nyumba ya watawa wa kike ambayo ujenzi wake ulikuwa haujakamilika, na tangu Januari 1799 watoto wakaanza kuingia, hata wakafikia wapatao 80. Wengi walikuwa na upele, wadudu na njaa. Hakuwa na msaidizi isipokuwa mwanamke mmoja wa kazi za nyumba. Hakuwa na vitabu wala ramani. Wakazi wa mji, wenye imani ya Kikatoliki, walimtazama kwa mashaka mtu huyu wa Kiprotestanti aliyetumwa na serikali waliyoichukia.

Kwa kukosa kila kitu ndipo alipovumbua. Aliwakalisha watoto wenye kufahamu upesi katikati ya wasiofahamu, wakawashika mabega na kuwafundisha walichokijua. Aliwaongoza wote kwa sauti moja, huku mikono yao ikichora au kufanya kazi. Aliona kwamba mtoto aliyeanza mwanzo kabisa, bila kurukishwa hatua hata moja, hakuhitaji kusukumwa. Mwezi Juni, 1799, vita ilirudi kwenye wilaya ile, askari wakaitwaa nyumba kuwa hospitali, na watoto walio wengi wakatawanywa. Pestalozzi aliondoka akitema damu.

Alipopata nafuu kidogo aliomba ruhusa ya kufundisha katika mji wa Burgdorf, karibu na Bern. Mtu mwenye jina Ulaya nzima alipelekwa katika shule ya watoto wa wasio na haki za uenyeji mjini, iliyokuwa ndani ya nyumba ya fundi viatu, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu. Watoto wapatao 70 walikuwa katika chumba kimoja. Fundi yule na wazazi walilalamika kwamba mzee huyu hafundishi dini kwa desturi na anafanyia majaribio watoto wa watu. Akahamishiwa katika shule ya watoto wadogo, wenye miaka mitano hadi minane, ambayo ilikuwa ikiendeshwa na mwanamke mmoja. Hapo alifanya kazi kwa amani, na mwezi Machi, 1800, halmashauri ya shule ya mji ilipowapima watoto ilitoa cheti cha kumsifu hadharani.

Mmojawapo wa wanafunzi wa Burgdorf, Johannes Ramsauer, ambaye baadaye alikuwa mwalimu, ameacha kumbukumbu za masomo yale. Mzee alifundisha bila tai shingoni, nywele timtim, akipaza sauti hadi ikamkauka, bila kuuliza kama wanafunzi wamefuata au hawakufuata. Ukutani palikuwa na karatasi ya mapambo iliyozeeka na kutoboka, na kwa saa mbili au tatu watoto waliyataja matundu yake: idadi yake, umbo lake, mahali yalipo, rangi yake. Msomaji atacheka. Lakini lililokuwa likitendeka ni kwamba namba ilitolewa katika kitu kilichopo mbele ya macho, hata kama kitu chenyewe ni tundu.

Sasa tuitazame njia yake ya hesabu kwa karibu, maana hapa ndipo faida ilipo. Aliieleza katika kitabu cha mwaka 1801 kihusucho namna Gertrud anavyowafundisha watoto wake, kisha katika kitabu cha mazoezi cha mwaka 1803, alichokitengeneza pamoja na wasaidizi wake. Mkuu kati ya wasaidizi hao alikuwa Hermann Krüsi, kijana wa Appenzell aliyekuwa mchukuzi wa mizigo kabla ya kuwa mwalimu wa kijiji, na aliyefika Burgdorf akiongoza watoto waliokimbia njaa ya vita.

Hatua ya kwanza ni vitu vyenyewe: mbaazi, vijiwe, majani, vijiti, vidole. Mtoto hafundishwi kutamka moja, mbili, tatu kama wimbo. Anaambiwa hili ni jiwe moja, haya ni mawe mawili. Pestalozzi alitumia hata vibao vya herufi. Aliweka kibao kimoja mbele ya mtoto na kuuliza kama ni vingi. Akaongeza cha pili, cha tatu, kisha akaondoa kimoja kimoja, na kila mara mtoto alipaswa kusema kilichopo. Baada ya kuzoea mawe, mbaazi na vibao, mtoto hugundua mwenyewe kwamba jina la kitu hubadilika lakini tatu haibadiliki. Hapo ndipo namba inapozaliwa akilini mwake.

Hatua ya pili ni jedwali la vistari. Ni ubao mkubwa wenye safu 10, na kila safu ina visanduku 10. Katika kila kisanduku cha safu ya kwanza kuna kistari kimoja cha wima, katika safu ya pili viwili, katika ya tatu vitatu, na kuendelea hivyo hadi vistari 10. Hakuna tarakimu hata moja. Mwalimu huweka kijiti chake juu ya safu ya tatu na kufunua kisanduku kimoja: tatu mara moja. Hufunua cha pili: tatu mara mbili. Hufunua cha tatu na cha nne. Mtoto haambiwi kwamba tatu mara nne ni 12. Anaiona mafungu manne yaliyotengana, kila fungu likiwa na vistari vitatu, naye anaweza kuvihesabu vistari vyote apendapo kuhakikisha.

Uzuri wa jedwali hili ni kwamba kugawanya hakuhitaji somo jipya. Picha ni ile ile, ila inasomwa kutoka upande wa pili. Vistari 12 vipo. Je, tatu imo mara ngapi ndani yake? Mara nne, mafungu yanaonekana. Tatu ni sehemu gani ya 12? Ni robo, kwa kuwa ni fungu moja kati ya manne. Kwa hiyo mtoto hupata pamoja kuzidisha, kugawanya na mwanzo wa sehemu, ambavyo shule nyingi huvitenganisha kwa mwaka mzima au zaidi kama kwamba ni nchi tatu zisizopakana. Mtoto aliyefundishwa kugawanya kama ujanja wa kuandika tarakimu chini ya mstari husahau ujanja huo wakati wa likizo. Aliyeona mafungu ana pa kurudi.

Kuna jambo ambalo mwalimu wa leo ataliongeza. Kugawanya kuna sura mbili. Mama mwenye mihogo 12 na watoto watatu anataka kujua kila mmoja atapata mingapi. Mchuuzi mwenye mihogo 12 anayeipanga mitatu mitatu anataka kujua atapata mafungu mangapi. Jibu ni nne kote kuwili, lakini kazi ya mikono si moja: mama anazungusha mmoja mmoja, kama mchezaji wa bao agawavyo kete, na mchuuzi anachota kwa pamoja. Jedwali la Pestalozzi linamfaa zaidi mchuuzi. Mwalimu atakayelitumia hana budi kumkumbuka mama pia, la sivyo mtoto atakwama siku atakapoambiwa agawe sawasawa.

Hatua iliyofuata ilikuwa majedwali mengine mawili ya miraba. Katika la kwanza mraba haukukatwa, kisha ulikatwa mara mbili, mara tatu, hadi mara 10. Katika la pili ulikatwa kwa wima na kwa ulalo, ili mtoto aone nusu ya theluthi kwa macho. Tarakimu na kanuni za kuandika zilikuja mwisho. Katikati palikuwa na hesabu za kichwa, nyingi sana, na katika hizo wanafunzi wake walikuwa hodari kiasi cha kuwashangaza wageni.

Wageni hawakukosekana. Shule yake ilihamia katika kasri ya Burgdorf, kisha, serikali iliyompa kasri ilipovunjwa mwaka 1803, ikabidi iondoke. Mwishoni mwa mwaka 1802 alikuwa amekwenda Paris pamoja na wajumbe wa Uswisi, akitumaini kumweleza Napoleon habari za shule, lakini mtawala huyo hakuwa na nafasi ya kusikiliza mambo ya kufundisha watoto alfabeti. Mwaka 1805 alianza upya katika kasri ya Yverdon, na hapo ndipo fahari yake ilipofikia kilele. Wanafunzi walizidi 150, kutoka nchi nyingi. Prussia, iliyoshindwa vitani na Ufaransa na ikataka kujiinua kwa elimu, ilituma vijana kujifunza njia yake. Friedrich Froebel, aliyeanzisha baadaye shule za chekechea, aliishi huko tangu 1808 hadi 1810. Robert Owen alizuru kutoka Uingereza mwaka 1818. Majeshi yaliyopigana na Napoleon yalipotaka kuifanya kasri hospitali mwaka 1814, Pestalozzi alikwenda Basel kumwona Mfalme Alexander wa Urusi, na kasri ikasalimika. Inasimuliwa kwamba mzee alimsogelea mfalme akimhimiza awafungulie wakulima wake shule na utumwa pia, akazidi kumsogelea hata mfalme akarudi nyuma.

Lakini sifa hizo zilificha ufa. Mwaka 1809 Pestalozzi mwenyewe aliiomba serikali ya Uswisi iikague shule yake, na miongoni mwa wakaguzi alikuwamo Padri Girard wa Fribourg, mwalimu hodari na mtu wa haki. Girard aliona kwamba hesabu ilikuwa imetawala kupita kiasi na kuyafunika masomo mengine. Alipomwambia rafiki yake hivyo, Pestalozzi alijibu kwamba hataki watoto wake wakubali jambo lolote wasiloweza kulithibitisha kama vile mbili mara mbili ni nne. Girard akamjibu kuwa kwa hali hiyo asingemkabidhi mwanawe hata mmoja, kwa sababu Pestalozzi hangeweza kumthibitishia mtoto kwa njia hiyo kwamba baba yake anampenda. Taarifa iliyotolewa mwaka 1810 ilisifu moyo wa shule na kupunguza mno tumaini la kuifanya shule ya taifa.

Kosa lingine lilikuwa kubwa zaidi, nalo lilimrudia Pestalozzi kwa mlango wa nyuma. Mazoezi ya jedwali la vistari yaliandikwa katika kitabu yakafuatana ukurasa baada ya ukurasa, na walimu waliokichukua wakawakaririsha watoto kitabu chenyewe. Saa nzima darasa lilipiga kelele kwamba mbili mara moja ni nusu ya mbili mara mbili, na mbili mara mbili ni theluthi mbili za mbili mara tatu. Mtu aliyeanza kwa kupigana na neno lisilo na kitu akawaachia watu maneno marefu kuliko ya kwanza. Baada yake, mwaka 1842, Mjerumani Grube alitoa mpango wa kuchambua kila namba peke yake, kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, kabla ya kuingia namba inayofuata, na watoto wakakaa na namba moja hadi wakaichoka. Kwa rai yangu, lawama haiko katika vijiti wala vistari. Iko katika kusahau kwamba mtoto akishaona, aachiwe aende. Jedwali la kuzidisha lazima mwishowe likae kichwani kwa moyo, maana hawezi mtu kununua sukari dukani akipanga maharage. Linalogombewa ni nini kitangulie.

Walioielewa njia yake walifika mbali. Mwaka 1814 alifika Yverdon kijana wa miaka 18 aitwaye Jakob Steiner, mtoto wa mkulima wa jimbo la Bern, aliyejifunza kuandika akiwa na miaka 14. Hapo alizoezwa kutazama umbo kabla ya kanuni, akawa mwalimu, na mwaka 1834 akawa profesa Berlin. Leo anahesabiwa miongoni mwa wakuu wa jiometri wa karne ile. Nchini Marekani, Warren Colburn alitoa mwaka 1821 kitabu kidogo cha hesabu kwa mpango wa Pestalozzi, kinachoanza kwa maswali ya mdomo na vidole badala ya kanuni, na kwa miaka mingi kilikuwa mikononi mwa watoto wa shule za huko.

Yverdon yenyewe ilikufa kwa ugomvi. Walimu wawili, Niederer mwenye ufasaha wa falsafa na Joseph Schmid mwenye kipaji cha hesabu, waligombania moyo wa mzee. Schmid aliondoka mwaka 1810, akarudishwa mwaka 1815 kwa kuwa yeye pekee aliweza kuzipanga fedha za shule, na kurudi kwake kukawafukuza wengine, hata Krüsi mwaminifu. Anna, mke aliyestahimili yote, alifariki Desemba 1815. Kesi na madeni zikaendelea hadi mwaka 1825, Pestalozzi alipoifunga shule na kurejea Neuhof, kwenye shamba lile lile lililomfilisi akiwa kijana, ambalo sasa lilikuwa mikononi mwa mjukuu wake. Huko aliandika kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1826, akiyapima makosa yake bila kujihurumia.

Alifariki mjini Brugg tarehe 17 Februari, 1827, baada ya kusumbuliwa sana na kijitabu cha kumkashifu. Alizikwa katika theluji kijijini Birr, kando ya nyumba ya shule, na kaburi lake halikuwekewa fahari yoyote. Mwaka 1846, ilipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, jimbo la Aargau lilimjengea ukumbusho kwenye ukuta wa shule mpya ya kijiji kile.